Ukishukiwa Wizi Dukani: Mipaka ya Mlinzi na Haki za Mteja

Shabaha ya somo. Baada ya kulisoma somo hili, utaweza: (a) kueleza mamlaka aliyo nayo mlinzi wa duka chini ya sheria za Kenya, (b) kujilinda kwa utulivu unapotuhumiwa bila kosa, na (c) kufuata njia zifaazo za kudai fidia.

Maduka ya kujihudumia yamempa mteja uhuru wa kushika bidhaa kabla ya kuilipia. Uhuru huo umefuatana na macho mengi: kamera darini, king'ora mlangoni, na mlinzi anayelinganisha risiti na mzigo. Aghalabu ukaguzi huo hupita kwa amani. Lakini huja siku king'ora kikalia kwa sababu keshia alisahau kuondoa kibandiko cha usalama, au risiti ikakosa bidhaa moja kwa kuwa mashine haikuisoma, na mteja asiye na hatia akajikuta katika chumba cha nyuma akiambiwa achague: alipe "faini" au aende korokoroni.

Wengi hulipa. Hulipa kwa aibu, kwa haraka ya kurudi kazini, au kwa hofu ya neno "mwizi", ambalo katika mitaa yetu limewahi kukusanya umati wenye mawe kabla ukweli haujajulikana. Inafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba chaguo hilo halina msingi katika sheria. Mlinzi ana njia mbili tu: kukuachilia, au kukukabidhi kwa polisi bila kukawia. Njia ya tatu, ya yeye mwenyewe kuhukumu na kutoza, haipo.

1. Wizi ni nini kisheria?

Kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu (Sura ya 63) kinasema kwamba mtu ameiba pale anapochukua kitu kwa nia ya ulaghai na bila dai la haki. Kifungu cha 275 kinaweka adhabu ya jumla ya wizi, ambayo ni kifungo kisichozidi miaka 3. Neno lenye uzito hapa ni *nia*. Katika duka la kujihudumia, kushika bidhaa na kuizungusha ndani ya duka ni jambo ambalo mwenye duka mwenyewe ameliruhusu. Mama aliyesahau pakiti ya sabuni chini ya toroli, au ambaye mtoto wake ametoka na peremende mkononi, hajaiba, kwa maana nia haikuwepo. Hata hivyo, mlinzi hawezi kuisoma nia iliyo moyoni. Yeye huona kitendo tu. Ndiyo sababu mtu asiye na kosa anaweza kusimamishwa, na ndiyo sababu sheria imeweka mipaka kuhusu yale yanayoweza kufuata baada ya kusimamishwa huko.

2. Mamlaka ya mlinzi yanatoka wapi?

Mlinzi wa duka si polisi, hata kama sare yake inafanana na ya polisi. Uwezo wake wa kumkamata mtu ni ule ambao kila raia anao chini ya kifungu cha 34 cha Sheria ya Utaratibu wa Mashtaka ya Jinai (Sura ya 75): anaweza kumkamata mtu anayetenda mbele ya macho yake kosa ambalo mtu huweza kukamatwa bila hati, au ambaye anamshuku, kwa sababu za kuridhisha, kuwa ametenda jinai kubwa. Wizi ni miongoni mwa jinai hizo. Kifungu cha 35 kinaongeza sharti: aliyemkamata mtu bila hati lazima amkabidhi kwa afisa wa polisi bila kuchelewa pasipo sababu, au asipopatikana afisa, ampeleke kituo cha polisi kilicho karibu. Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi wa Kibinafsi ya mwaka 2016 nayo inatambua kazi ya mlinzi aliyesajiliwa, ikiwemo kukagua watu mlangoni, lakini haikumfanya kuwa hakimu.

Ni haki pia kumtazama mwenye duka. Mali yake inaibwa kweli, na sheria haimtaki awe na uhakika kamili kabla ya kumsimamisha mtu. Kwa hiyo kutokuwa na hatia peke yake hakufanyi kusimamishwa kwako kuwe haramu. Swali ambalo mahakama itauliza ni hili: je, mlinzi alikuwa na sababu ambayo mtu mwenye busara angeikubali? Kumwona mteja akitia chupa ya manukato mkobani na kuupita mlango wa malipo ni sababu. Mavazi ya mtu, kabila lake, au kwamba aliingia akatoka bila kununua kitu, si sababu.

3. Mambo ambayo mlinzi haruhusiwi kuyafanya

*Kutumia nguvu kupita kiasi.* Nguvu inayoruhusiwa ni ile tu inayohitajika, na mtu aliyekamatwa hafai kubanwa zaidi ya inavyolazimu ili asitoroke. Makofi, kupigishwa magoti mbele ya wateja, au kufungwa pingu hali umetulia, ni makosa.

*Kukuvua nguo au kukupekua bila staha.* Kukagua mfuko wa ununuzi mlangoni ni jambo moja; kuupekua mwili ni jambo jingine. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, na inapolazimu kumpekua mwanamke, sheria inataka apekuliwe na mwanamke mwenzake kwa kuzingatia heshima kikamilifu.

*Kukufungia.* Kumzuilia mtu isivyo halali ni kosa chini ya kifungu cha 263 cha Kanuni ya Adhabu, nalo laweza kumfunga mkosaji mwaka 1. Ikiwa kituo cha polisi ki mwendo wa dakika kumi, nawe umewekwa stoo tangu adhuhuri hadi jioni "ukimngoja meneja", kukawia huko hakuna utetezi.

*Kukutoza faini.* Faini hutozwa na mahakama. Bango linalosema kwamba atakayeshikwa atalipa mara kumi ya bei halina nguvu ya sheria. Zaidi ya hayo, kupokea fedha kwa makubaliano ya kuficha jinai ni kosa, na kudai fedha kwa vitisho ni kosa jingine.

*Kukulazimisha kukiri.* Chini ya kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi, ungamo halikubaliwi mahakamani isipokuwa limetolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kilichotajwa na sheria asiyeichunguza kesi hiyo, pamoja na mtu uliyemchagua wewe. Karatasi iliyoandikwa stoo haifikii kiwango hicho. Hata hivyo, usiitie sahihi.

*Kuianika picha yako.* Kubandika ukutani picha ya mtu ambaye hajahukumiwa, au kuisambaza mitandaoni kwa jina la mwizi, ni kumchafulia jina na kunaweza kukiuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

4. Ufanye nini papo hapo?

1. Usikimbie wala usipigane. Kukimbia huonekana kama ushahidi, na nje kunaweza kuwa na umati usiouliza maswali. Ndani ya duka, mbele ya kamera, ni salama zaidi.
2. Uliza kwa sauti ya kawaida: "Ninashukiwa kwa kosa gani, na ni nani aliyeniona?"
3. Toa risiti au ujumbe wa malipo wa M-Pesa. Kama kweli umesahau kitu, sema hivyo kwa ufupi na uombe kukilipia kwa bei yake mbele ya keshia. Baada ya hapo, nyamaza.
4. Uliza: "Je, niko huru kwenda?" Ukijibiwa kwamba huko huru, sema: "Basi naomba polisi waitwe sasa." Sentensi hii ndiyo kinga yako kuu, kwa kuwa inamrudisha mlinzi kwenye njia zake mbili.
5. Mpigie jamaa simu, umweleze uliko na saa uliyoshikwa.
6. Tambua majina au nambari za walinzi, kampuni yao, na wateja walioshuhudia.
7. Usilipe faini. Ukilazimika kulipa kwa kuhofia usalama wako, lipa kwa njia inayoacha kumbukumbu, na useme kwamba unalipa kwa kulazimishwa.

Anapotuhumiwa mtoto, taka mzazi au mlezi aitwe mara moja. Chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, aliye chini ya umri wa miaka 12 hawajibiki kwa jinai.

5. Ukifikishwa kwa polisi

Ibara ya 49 ya Katiba inakupa haki ya kuelezwa upesi, kwa lugha unayoielewa, sababu ya kukamatwa kwako; haki ya kunyamaza; haki ya kuwasiliana na wakili; na haki ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata ikiwa saa hizo zinamalizikia nje ya muda wa kazi. Unaweza kuomba dhamana ukiwa kituoni. Ukitoa dhamana ya fedha taslimu, dai risiti. Hakikisha tukio limeandikwa katika kitabu cha matukio, nawe upewe nambari ya OB. Hata ukiachiliwa dukani, unaweza kwenda kituoni mwenyewe kuandikisha malalamiko. Kama umejeruhiwa, nenda hospitalini na ujaziwe fomu ya P3.

6. Kudai haki baadaye

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hiyohiyo andika yaliyotokea kwa mpangilio wa saa, utunze risiti, na ulipelekee duka barua ukitaka picha za kamera zihifadhiwe, kwani nyingi hufutwa zenyewe baada ya muda. Ukinyimwa picha zinazokuhusu, au picha yako ikianikwa, mlalamikie Kamishna wa Ulinzi wa Data. Malalamiko dhidi ya polisi hupelekwa kwa mamlaka ya IPOA.

Mahakamani unaweza kudai fidia kwa kuzuiliwa isivyo halali. Ukishathibitisha kwamba ulizuiliwa, ni wajibu wa aliyekuzuilia kuonyesha kwamba alikuwa na sababu halali. Dai la mashtaka ya hila ni gumu zaidi: sharti kesi iwe imeisha kwa faida yako, na uthibitishe kwamba ililetwa bila sababu ya kuridhisha na kwa nia mbaya. Duka au kampuni ya ulinzi huweza kuwajibika kwa matendo ya mlinzi aliyekuwa kazini.

Zingatia muda. Dai la kuzuiliwa lifunguliwe ndani ya miaka 3. La kuchafuliwa jina, ndani ya miezi 12. Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, lakini haisikizi ya kuchafuliwa jina wala ya mashtaka ya hila. Asiye na uwezo wa wakili aombe usaidizi wa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Maswali ya kujipima

1. *Mlinzi anasema: "Lipa shilingi elfu tano, twende tukiwa marafiki." Utajibuje?* Omba polisi waitwe. Hana mamlaka ya kutoza.
2. *Mlinzi alimsimamisha mteja kwa sababu ya kuridhisha, akaita polisi mara moja, na mteja akaonekana hana kosa. Je, mteja atapata fidia?* Huenda asipate, kwa kuwa mlinzi alitenda ndani ya mipaka yake.
3. *Ukweli ni uleule, ila mlinzi alimfungia mteja kwa saa nne kabla ya kuita polisi. Jibu linabadilika?* Ndiyo. Kukamata kulikoanza kihalali kunaweza kuharamika kwa kukawia.