Kabla Fundi Hajapanda Juu ya Paa

Paa la asbesto likiwa zima, halijapasuka wala kutobolewa, laweza kukaa juu ya vichwa vyenu miaka mingi bila madhara makubwa. Shida huanza fundi anapopanda na nyundo. Kwa hiyo kama mnapanga ukarabati, pimeni kwanza. Nyumba za kushukiwa zaidi ni kota za reli, majengo ya shule na nyumba za mashirika ya umma za zamani.

Mtalitambuaje paa la asbesto? Ni zito, la kijivu, na ukiligonga halilii kama bati; hata mvua ikinyesha ndani kumetulia. Palipovunjika huonekana nyuzinyuzi. Lakini macho hayatoshi, maana kuna vigae vya saruji visivyo na asbesto vinavyofanana nalo kabisa. Jibu la uhakika hutoka maabara, kipande kikitazamwa kwa hadubini.

Kipande hicho akichukue mtu aliyefunzwa. Hulowesha mahali hapo kwa maji ya sabuni, huvaa barakoa ya kuchuja vumbi laini (ya kitambaa haisaidii kitu), hutia sampuli katika mifuko miwili, kisha huziba palipokatwa. Tanzania ulizieni NEMC, Kenya NEMA, taasisi za serikali za mazingira. Vifusi visifagiliwe vikiwa vikavu, na tafadhali msimgawie jirani vipande akajengee banda la kuku. Nyuzi zikiingia mapafuni hubaki humo, na saratani yake huweza kuchukua miaka 20 hadi 40 kujitokeza. Ndiyo maana fundi atawaambia kazi hii ameifanya miaka yote na yuko salama.

Hatari ya pili katika ukarabati ni madini ya risasi: hukaa kwenye rangi za zamani, hasa rangi ya mafuta ya milango na madirisha. Tazameni kizingiti cha dirisha linalobana: kila likifungwa, rangi husagika na unga wake huanguka pale pale mtoto anapoegemea. Hutia vidole mdomoni, basi risasi imeshaingia. Kenya na Tanzania zimeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa milioni katika rangi, lakini kikomo hicho hakifuti rangi iliyopakwa zamani. Vijiti vya kupimia vinavyouzwa madukani hukosea mara nyingi. Afadhali maabara, au mtaalamu mwenye kipimo cha mionzi cha mkononi. Mpaka majibu yatoke, msipige msasa mkavu wala kuchoma rangi kwa moto. Futeni vumbi kwa kitambaa kibichi. Mtoto aliyekuwa akila maganda ya rangi apimwe damu. Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa damu ikifikia mikrogramu 5 kwa desilita, na halitambui kiwango chochote kuwa salama.

Kuvu ni habari nyingine, na hapa mtaokoa fedha. Mkiiona ukutani au mkisikia harufu ya uvundo nyuma ya kabati, hakuna haja ya maabara: tafuteni maji yanakotoka. Bomba linalovuja, paa, au ukuta unaofyonza unyevu kutoka ardhini. Kilicholowa kikaushwe ndani ya siku moja au mbili. Kupaka rangi juu ya kuvu ni kutupa pesa, itarudi. Doa dogo sugueni kwa maji ya sabuni, madirisha yakiwa wazi na mwenye pumu akiwa nje. Mkitumia dawa ya klorini, msiichanganye na dawa ya choo yenye tindikali, kwani hutoa gesi ya sumu.