Ukame na mafuriko: Jinsi ya kulinda sahani ya mtoto mjini

Mkazi wa Dandora, Kayole au Umoja aghalabu hana shamba, lakini ukame humfikia kama unavyomfikia mkulima. Mkulima huuona shambani, naye mkazi wa mjini huuona dukani. Mahindi ya ugali hutoka Bonde la Ufa, viazi Nyandarua, vitunguu vingi huvuka mpaka kutoka Tanzania, nayo omena huletwa kutoka Ziwa Viktoria. Mvua ikikosa au ikizidi huko, bei hupanda Muthurwa na Marikiti, na kabla ya wiki kwisha mama mboga wa mtaani naye amepunguza fungu.

Kati ya Oktoba 2020 na Desemba 2022, misimu mitano ya mvua ilikosa kwa mfululizo katika sehemu kame za Kenya. Kufikia Julai 2022, pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili ilikuwa imepita Sh200, na Serikali ikalazimika kuilipia sehemu ya gharama ili iuzwe kwa Sh100, ingawa afueni hiyo ilikuwa ya wiki chache tu. Halafu Aprili 2024 mambo yakageuka: mito ikafurika, nyumba za Mathare zikasombwa na barabara zikakatika. Wanasayansi wanasema kadiri dunia inavyozidi kupata joto, ndivyo ukame mkali na mvua za gharika zitakavyotokea mara kwa mara. Kwa hivyo jikoni pia inafaa kujiandaa.

Mtoto huumia kimyakimya

Unga unapopanda bei, familia nyingi haziachi ugali. Huacha kile kinachoandamana nao. Maharagwe hupungua, omena hukosekana, maziwa huwa ya chai pekee. Tumbo hujaa lakini mwili hukosa protini, madini ya chuma na vitamini A. Mtoto huonekana ameshiba, kumbe ukuaji wake umeanza kusimama.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 18 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa. Mtoto aliyedumaa kabla ya kutimiza miaka miwili ni vigumu kufidia alichopoteza, hata kama chakula kitakuwa tele baadaye. Ndiyo sababu miezi michache ya bei ghali si jambo dogo.

Usitegemee chakula kimoja

Nyumba inayotegemea mahindi na sukuma wiki peke yake hutikisika mara mahindi yanapokosekana. Mtama na wimbi hustahimili ukame kuliko mahindi, na unga wake huchanganywa vyema na wa mahindi kwa uji au ugali. Ndengu na kunde hukomaa upesi na huhitaji mvua kidogo. Mboga za kienyeji kama vile terere, managu, saga na majani ya kunde zina madini ya chuma na vitamini A kwa wingi. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta ametumia miaka mingi kuwaonyesha Wakenya kwamba mboga hizi si chakula cha maskini.

Pesa zikiwa chache, zingatia haya:

1. Punguza kiasi cha unga kabla ya kuondoa maharagwe, ndengu au omena. Omena kidogo iliyokaushwa na kusagwa huweza kutiwa katika chakula cha mtoto aliyepita miezi sita.

2. Kamulia limau kwenye mboga au mpe mtoto kipande cha chungwa. Tunda chachu huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma.

3. Usinywe chai pamoja na chakula. Chai huzuia madini hayo yasiingie mwilini. Ngoja saa moja hivi.

4. Mboga zinapokuwa rahisi wakati wa mvua, chovya majani ya kunde katika maji yanayochemka kwa dakika chache, kisha yaanike kivulini hadi yakauke. Jua kali huharibu vitamini A. Yakihifadhiwa mahali pakavu hukaa miezi kadhaa.

5. Mtoto aliye chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama pekee. Ukame wowote ule haubadilishi jambo hili.

Hadhari na mahindi yenye kuvu

Mahindi yaliyoteswa na ukame shambani, kisha yakawekwa yakiwa na unyevu, huota kuvu inayotoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hii iliua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui. Kupika hakuiondoi. Ukinunua mahindi kwa gorogoro, yachambue kabla ya kuyapeleka kwenye kinu, na utupe yaliyobadilika rangi, yaliyovunjika au yenye ukungu. Usiwape ng'ombe wala kuku, kwani sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa na mayai. Weka unga juu ya ubao, mbali na sakafu na ukuta wenye maji. Chakula kilicholowa maji ya mafuriko kitupwe.

Bustani ya gunia

Kukosa shamba si kukosa mboga. Baada ya ghasia za 2008, kilimo cha magunia kilienea Kibera na Mathare. Chukua gunia, simamisha mkebe usio na kitako katikati na uujaze kokoto. Zungushia udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, kisha uvute mkebe juu na kurudia hadi gunia lijae. Mhimili wa kokoto utafikisha maji hadi chini. Toboa matundu pembeni na upande miche ya sukuma wiki au spinachi. Terere ipandwe juu. Terere huanza kuchumwa baada ya mwezi mmoja hivi.

Maji yaliyoosha mchele au mboga yanatosha kunyunyizia. Maji ya kinyesi yasitumike kamwe, hata kama mboga hunawiri kwayo.

Udongo nao uchaguliwe. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilitangaza matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wa karibu na jaa la Dandora. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiasi kilichokubalika. Madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto. Usichote udongo jaani, kando ya mto wala karibu na gereji, na usipande katika mapipa yaliyobeba kemikali.

Lini uende kliniki

Mpeleke mtoto akapimwe uzito kila mwezi, hata kama si mgonjwa. Mstari kwenye kadi ukilala au kushuka, usingoje. Miguu ikivimba, nywele zikibadilika rangi au mtoto akikataa kula, nenda siku hiyo hiyo. Mhudumu wa afya wa mtaa anaweza kumpima mkono kwa utepe na kukuelekeza.

Hatuwezi kuiamuru mvua, lakini gunia moja, mtungi wa ndengu na kadi ya kliniki vinaweza kumvusha mtoto msimu mbaya.