BIASHARA YA MWANAFUNZI: TUANDIKE KABLA YA KUNUNUA

Bismillahir Rahmanir Rahim

Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake. Ama baad.

Wapendwa wanafunzi na wazazi, kila Ramadhani inapokaribia tunawaona vijana wetu wakitafuta kitu cha kuuza: tende, ubuyu, kofia, ubani. Hilo ni jambo jema. Abdurrahman bin Auf (R.A.) alipohamia Madina, ndugu yake wa Kiansari, Saad bin Rabii (R.A.), alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Yeye alimwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko, akaanza na jibini na samli. Kuanza na kidogo si aibu.

Lakini tumeona pia, Idd ikishapita, marafiki wawili waliokuwa wakikaa jamvi moja hawasalimiani tena. Tumeona mama akimuuliza mwanawe fedha zimekwenda wapi, naye hana la kujibu. Mara nyingi hakuna aliyeiba. Kilichokosekana ni makubaliano ya wazi, yaliyoandikwa kabla ya kununua. Hilo ndilo somo letu.

1. FEDHA NI YA NANI?

Mwanafunzi wengi wao hawana mtaji. Dini yetu imetupa njia: mmoja atoe mali, mwingine atoe kazi, kisha wagawane faida. Hii huitwa mudharaba au qiradhi. Bibi Khadija (R.A.) alikuwa akiwapa watu mali wakafanyie biashara kwa njia hii, na Mtume (S.A.W.), kabla ya kupewa utume, alisafiri na mali yake hadi Sham.

Masharti yake yaeleweke mapema:

(a) Faida igawanywe kwa mafungu, kama nusu kwa nusu, au thuluthi kwa thuluthi mbili. Haifai mama kusema, "Mimi nipe shilingi 5,000, ukipata usipate."
(b) Hasara ya mtaji ni ya mwenye mali. Aliyefanya kazi hasara yake ni jasho lake.
(c) Ikiwa mali imeharibika kwa uzembe, kwa mfano umeacha tende barazani zikanyeshewa, basi utalipa.

Marafiki wakichanga mtaji, huo ni ushirika. Mmoja akitoa 40,000 na mwenzake 20,000, kisha ikapatikana hasara ya 6,000, wa kwanza atabeba 4,000 na wa pili 2,000. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, faida nayo hufuata mitaji hivyo hivyo. Na kwa madhehebu hayo, mtoto asiyebaleghe hafungi mkataba mwenyewe. Anayefunga ni walii wake. Kwa hiyo wadogo zetu waanze kwa kuwasaidia wazazi na kujifunza.

2. HESABU KABLA YA SOKO

Tuchukue mfano wa tende; bei ni za kufanyia hesabu tu. Mama ametoa 60,000. Tende kilo 12 na nusu kwa 4,000 kila kilo ni 50,000. Mifuko ya karatasi ni 6,000. Nauli ni 4,000. Unapata pakiti 50 za robo kilo, na kila moja utaiuza 1,500. Zikiuzwa zote ni 75,000, faida 15,000. Mkiwa mmekubaliana mama thuluthi moja, yeye atapata 5,000 na wewe 10,000.

Sasa angalieni vizuri. Pakiti 40 za mwanzo zinarudisha mtaji tu. Faida yote imo katika zile 10 za mwisho. Mkila tano nyumbani na ukawakopesha marafiki tano wasiolipa, umefanya kazi mwezi mzima bila kupata hata shilingi. Ndiyo maana anayeuza bila hesabu huona fedha nyingi mkononi akadhani amepata, kumbe anakula mtaji. Na ukipokea malipo kwa simu, makato ya kutoa fedha nayo ni gharama, yaandikwe.

Kabla ya kununua, pita kwa majirani uulize nani anahitaji na kiasi gani, kwani tende zilizobaki baada ya Idd ni shida kuuzika. Kuuliza si kuuza. Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam (R.A.) kuuza kitu asichokuwa nacho. Basi usipokee fedha za tende ambazo bado ziko kwa tajiri wa jumla.

3. DAFTARI NA MAKOPO MAWILI

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Suratul Baqara aya ya 282, inahusu deni. Inatuamrisha tuandike deni la muda maalumu, mwandishi awe mwadilifu, mdaiwa ndiye asomeshe maneno, na pawe na mashahidi. Inatukataza kuchoka kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Basi asikuambie mtu, "Sisi ni ndugu, ya nini kuandikiana?" Udugu ndio unaolindwa na maandishi.

Daftari lako liwe na safu nne: tarehe, fedha iliyotoka, fedha iliyoingia, na deni. Andika kila jioni. Uwe na makopo mawili: moja la fedha za biashara, jingine la fedha zako. Ukitoa 1,000 katika kopo la biashara ukanunua chipsi kabla ya kugawana, umechukua amana ya mtu. Huenda fedha hiyo ni akiba ya mama ya kodi ya nyumba.

4. MIZANI, UKWELI NA WAKATI

Mtume (S.A.W.) alipita kwa muuza chakula, akaingiza mkono ndani ya rundo, akakuta umajimaji. Mwenyewe akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka juu watu wauone, na akakemea udanganyifu. Basi tende mbovu zisiwe chini na nzuri juu. Na robo kilo iwe robo kilo. Suratul Mutaffifin inaanza kwa onyo kwa wanaopunja.

Wakati nao ni mtaji. Panga saa zako, kwa mfano baada ya Alasiri, na uache nafasi ya darasa na ya Qur'ani. Suratul Jumua inatuamrisha kuacha biashara tunaposikia adhana ya Ijumaa, kisha inaturuhusu kutawanyika kutafuta fadhila za Allah. Biashara inayokula swala na masomo ni hasara hata kopo likijaa.

ZOEZI

Wanafunzi wawili waliobaleghe wamechanga mtaji wa 60,000: wa kwanza 40,000, wa pili 20,000. Wameuza pakiti 44 kwa 1,500, na sita zilizobaki wakakubaliana kuzitoa sadaka. Kila mmoja atarudishiwa kiasi gani pamoja na faida yake? Fanyeni na wazazi nyumbani, kisha andikeni mkataba wao kwa mistari mitano.

Tunamwomba Allah (S.W.) awape vijana wetu rizki ya halali, na awajaalie wawe wafanyabiashara wakweli na waaminifu. Amin.

Wabillahi tawfiq.