Njuka Siku Mbili: Namna ya Kuizoea Shule ya Bweni

Kila Januari vituo vya mabasi hujaa matranka ya bati. Juu ya tranka kuna godoro lililoviringishwa na kufungwa kamba, pembeni ndoo iliyoandikwa jina kwa rangi, na ndani ya ndoo kandambili, sabuni ya mche na ufagio wa chelewa. Mara nyingi kuna pia jembe au fyekeo, maana limo kwenye orodha ya shule. Mwenye mzigo ni mtoto aliyefanya mtihani wa darasa la saba Septemba iliyopita. Kesho yake ataitwa njuka, yaani mgeni wa shule.

Nimekuwa matroni wa bweni la wasichana kwa miaka kadhaa. Usiku wa kwanza, taa zikishazimwa, ukisimama mlangoni unasikia pua zikivutwa kitanda hiki na kile. Nayaandika haya kwa ajili ya watoto hao na wazazi wao.

Mambo yanayobadilika kwa mpigo

La kwanza ni lugha. Aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa kawaida amefundishwa kwa Kiswahili miaka yote, na sasa jiografia, baiolojia na hesabu vinakuja kwa Kiingereza. Mtoto aliyezoea kuwa wa kwanza darasani anajikuta hanyooshi mkono. Akili zake hazijapungua; anabeba mizigo miwili, somo na lugha ya somo. Usikose vipindi vya maandalizi ya lugha vya mwanzo wa mwaka. Weka daftari dogo, andika maneno matano kila siku, na jioni msomeane kwa sauti na mwenzako.

La pili ni muda. Nyumbani mama alikuamsha. Hapa ni kengele, na alfajiri foleni ya maji inakungoja. Baada yake kuna usafi, mstarini, vipindi, michezo na prepo ya usiku.

La tatu ni nafasi yako. Juzi ulikuwa mkubwa wa shule, leo wewe ndiye mdogo kuliko wote. Mambo haya humkuta pia wa kidato cha tano anayepangiwa shule ya mkoa asioujua, ingawa yeye huona haya kusema.

Wiki ya kwanza

Jua watu wanne kwa majina: matroni au patroni, mwalimu wako wa darasa, kiongozi wa bweni na jirani wa kitanda chako. Andika jina kwenye kila kitu, hata kandambili. Kufuli la tranka liwe na funguo mbili: mmoja uvae shingoni, wa pili mwachie matroni.

Jambo moja kwa wazazi. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa katika shule za serikali mwaka 2016, lakini godoro, tranka na sare bado vinatoka mfukoni mwa mzazi, na hapo ndipo watoto huanza kulinganishana. Nunua kilichoandikwa kwenye orodha, basi. Tranka lililojaa biskuti huleta marafiki wa wiki moja.

Rafiki hupatikana kazini

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huusikia msemo huu kama onyo kwa mgeni anayekaa sana. Mimi bwenini nimeuona ukifanya kazi nyingine: mtu huacha kuwa mgeni siku anaposhika jembe pamoja na wenyeji.

Namkumbuka binti mmoja aliyekaa juu ya tranka lake karibu juma zima, kila saa ya mapumziko. Nilimwambia mara mbili aende akatafute marafiki, na sikumsaidia kitu, maana hakujua pa kuanzia. Jumamosi nikamkabidhi ndoo za kumwagilia bustani ya mchicha, yeye na wenzake wawili. Walikosana kidogo juu ya nani aende bombani, wakalowana, wakacheka. Jioni ile walikula meza moja. Tangu hapo simwambii mtoto akatafute marafiki. Namtafutia kazi ya watu watatu.

Chagua shughuli mbili

Mwezi wa kwanza usijiandikishe kila mahali. Chagua moja ya kuchosha mwili na moja ya kukufungua mdomo. Kwenye michezo kuna netiboli, mpira wa miguu, riadha na mingineyo, na mwenye kipaji anaweza kupanda kupitia mashindano ya UMISSETA hadi ngazi ya taifa. Kwa mdomo, klabu ya mjadala ndiyo dawa ya Kiingereza cha woga. Shule nyingi zina pia skauti, kwaya, klabu za Malihai za wapenda mazingira, na vikundi vya dini kama UKWATA, TYCS na TAMSYA, ambako mtoto wa mbali hukuta nyimbo na dua alizozizoea nyumbani.

Utani na uonevu

Njuka atataniwa. Utani hukoma ukisema basi. Uonevu hauna basi: unafulishwa nguo za wakubwa, unanyang'anywa chakula au fedha, unatishwa ukisema. Hilo lipeleke kwa matroni, mwalimu wa malezi na unasihi au mwalimu yeyote unayemwamini. Kusema si umbeya. Wa kwanza asipokusikia, nenda kwa wa pili. Ipo pia Simu ya Huduma kwa Mtoto, namba 116, ambayo haina malipo. Mzazi anaweza kuipiga, na mtoto pia akiwa likizo.

Kwa mzazi anayepigiwa simu akililiwa

Simu ya wiki ya kwanza huwa na kilio. Usijibu "vumilia tu", wala usiahidi kwenda kumchukua kesho. Msikilize mpaka amalize, kisha muulize maswali madogo: Leo ulikula na nani? Nani analala kitanda cha pili? Jina linapoanza kutajwa mara kwa mara, mtoto ameanza kushika mizizi. Niliowaona mimi, wengi walitulia kabla ya likizo fupi ya kwanza.

Lakini kama hali, halali, haingii darasani, anamwogopa mtu fulani au anazungumzia kujidhuru, usingoje likizo. Mpigie matroni saa hiyohiyo, na siku hiyohiyo funga safari.

Yule binti wa bustani yuko kidato cha pili sasa. Januari iliyopita nilimkuta getini ameshika upande mmoja wa tranka la mtoto asiyemjua, na upande wa pili ameshika mwenye tranka. "Shikamoo matroni," akaniamkia bila kusimama, kisha akamgeukia mgeni wake: "Bomba la nyuma ya jiko hutoa maji mapema. Kesho niamshe, twende wote."