Usiikimbize Rola

Ndoo ya rangi ya maji iliyokaa muda mrefu ukiifungua, utaikuta nzito kama uji uliopoa. Wengi hapo hapo hukimbilia maji. Ngoja kwanza. Ikoroge taratibu mpaka chini kabisa, uone inavyolegea bila kuongezwa hata tone. Ndani yake mna polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli iliyosokotana. Rola ikiisukuma, minyororo hujipanga kufuata mwendo na rangi hulainika. Ikitulia, husokotana tena na rangi hushika. Maji matupu hayana tabia hiyo, uyakoroge usiyakoroge.

Kwa hiyo rangi nzuri huteleza chini ya rola lakini haitiririki ukutani. Ukizidisha maji, michirizi inashuka na mkono wa pili hautoshi. Kiasi kinachoruhusiwa kimeandikwa kwenye ndoo. Fundi anayekadiria kwa macho mzuie, hata kama ni shemeji yako.

Kosa jingine ni haraka. Rangi ikifika penye ukavu lazima iifukuze hewa iliyopo. Rola ikienda mbio, hewa hunaswa chini ya rangi, yanatokea mapovu, na yakipasuka huacha vitundu. Tazama kwa karibu pale rola inapoachana na ukuta: rangi inavutika nyuzi nyembamba, polima zinazuia zisikatike upesi, kisha zinakatika na vitone vinarukia miwani na sakafu. Punguza mwendo, vitone vitapungua.

Brashi nayo usiichomoe kwa pupa. Mwaka 1942 wanafizikia wa Kisovieti Lev Landau na Benjamin Levich walikokotoa unene wa utando unaobaki kwenye bapa linalovutwa polepole kutoka kwenye kimiminika cha kawaida: mwendo ukiwa maradufu, utando hunenepa kama mara 1.6. Rangi haifuati hesabu hiyo barabara, maana kasi yenyewe huilainisha, lakini mwelekeo ni huo huo. Brashi iliyochomolewa kwa haraka hutoka imelowa kupita kiasi, nawe unadondosha njia nzima.

Haya yote hayafai kitu ukuta ukiwa na vumbi, kwa kuwa rangi itashika vumbi badala ya plasta. Pitisha kiganja, kikitoka na unga mweupe, piga msasa, futa kwa kitambaa kibichi, uache ukauke, kisha paka prima kabla ya rangi yenyewe.