JINA LA LESO: SOMO NILILOLIPATA LIKONI

Kabla sijaingia katika somo lenyewe ningependa nikuulize swali moja dogo. Je, umewahi kumpa mtu leso bila kuisoma? Mimi nimewahi, na nusura niwagombanishe wifi wawili wasipatane tena.

Mwaka juzi mama yangu, akaaye Changamwe, na shangazi yangu, ambaye naishi kwake hapa Likoni ili niwe karibu na shule, walikosana. Chanzo kilikuwa pesa za karo, na habari za pesa tuziache hapo. Miezi mitatu ikapita watu wazima hawa hawasemezani. Nami nikajiona nina akili kuliko wote. Nilidunduliza pesa za vibarua vya likizo, nikavuka feri, nikaenda hadi Biashara Street nikachagua leso nzuri ya manjano yenye korosho za zambarau. Niliporudi nikamkabidhi shangazi na kumwambia, "Mama akusalimu, amekuletea hii."

Shangazi akaikunjua, akaisoma, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Sasa mimi n'shakuwa hasidi, sio? Haya, mwambie mamako n'meipata." Lo! Kumbe mimi nilitazama korosho tu. Leso ilikuwa imeandikwa HASIDI HANA SABABU.

Basi wenzangu, tuanze somo.

Leso, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita kanga, ina sehemu tatu. Kuna pindo, yaani ule mpaka unaoizunguka pande zote nne. Kuna mji, ndiyo sehemu ya katikati yenye mapambo. Halafu kuna jina, yale maandishi yaliyo chini ya mji. Jina si jina la kiwanda wala la mwenye leso, bali ndiyo kauli ya leso yenyewe. Kitenge hakina jina, kikoi hakina jina. Ndiyo maana mtu akivaa kitenge husemi "kamwambia nani?", lakini akivaa leso swali hilo lazima lizuke, hasa mitaa yetu hii ambako kila dirisha lina macho.

Neno leso tulilipata kwa Wareno, ambao husema lenço, kitambaa cha mkononi. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo vikiwa bado havijakatwa, wakavishona sita pamoja, vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo moja ya kujitanda. Baadaye wafanyabiashara walianza kuagiza nguo iliyokwisha chapwa nzima. Hapa Mombasa jina linalojulikana mno ni la Kaderdina Hajee Essak, aliyefungua biashara yake mwaka 1887. Leso zake zina alama ya "Mali ya Abdulla" hadi leo. Yeye ndiye anayetajwa kuwa aliongeza maandishi kwenye leso mwanzoni mwa karne ya 20. Maandishi ya kwanza yalikuwa kwa herufi za Kiarabu, kisha zikaja hizi za Kirumi tunazosoma sote.

Sasa hapa pana jambo ambalo mimi naliona ni kubwa kuliko habari za viwanda na maduka. Zamani mtumwa alijulikana kwa nguo. Alivaa merikani, ile nguo nyeupe isiyopambwa iliyoletwa kutoka Marekani, au kaniki iliyotiwa rangi nyeusi ya nili. Utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, na huku pwani ya Kenya mwaka 1907, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliziacha nguo hizo wakavaa leso za rangi. Hawakuandika barua kwa serikali wala hawakuhutubia mkutano. Walitoka tu barabarani, na kila aliyewaona alielewa. Nanyi wenzetu wa Kisauni, mpitao Kengeleni kila asubuhi mkikimbilia matatu, kumbukeni kwamba Frere Town ilianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani. Kwa hivyo habari hizi hazitoki mbali.

Turudi kwenye jina, maana hiki ni chama cha Kiswahili na sarufi lazima tuiguse. Tazama kauli hii: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Ni katazo, liko katika nafsi ya pili umoja. Anayeambiwa ni "wewe", lakini wewe nani? Leso haisemi. Aliyehusika atajijua mwenyewe. Tazama nyingine: MSO HILI ANA LILE. Mwanafunzi wa siku hizi atafikiri ni kosa la mchapaji, la hasha! "Mso" ni "asiye na", umbo la zamani lililobaki katika methali na mashairi, nalo latembea sokoni Kongowea kila siku bila mtu kulitolea alama. Au hii: NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE, SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE. Hapo pana vina, na pana meno na maneno yanayogongana makusudi. Mwalimu wetu hutuuliza kama jina la leso ni fasihi simulizi au fasihi andishi. Mimi nasema ni simulizi iliyopanda juu ya nguo, na anayetaka kunipinga tukutane Ijumaa kwenye kipindi cha chama.

Lakini sarufi peke yake haitoshi. Jina moja lasema mambo mbalimbali kutegemea anayelivaa, amelivaa mbele ya nani, na wakati gani. HASIDI HANA SABABU ukiivaa jikoni kwako ni leso tu ya kupikia. Ukiivaa ukapita mlangoni kwa jirani mliyegombana naye jana, umemtukana. Na akikuuliza, una pa kukimbilia: "Ah, mwenzangu, mimi n'lipenda rangi." Hapo ndipo nguvu ya leso ilipo. Aliyekatazwa kujibu kwa mdomo hujibu kwa nguo, wala hakuna mzee wa mtaa awezaye kumfungulia kesi.

Leso husema pia yale yanayowahusu watu wote. Zimechapwa leso za kuhimiza watu wajikinge na UKIMWI, na leso za siasa. Baada ya uchaguzi wa Marekani wa 2008 ilitoka leso yenye picha na pongezi kwa Barack Obama, na jina lake UPENDO NA AMANI AMETUJALIA MUNGU. Ila leso za kampeni, kwa maoni yangu, huvaliwa na watu bila kujali, kwa sababu zimetolewa bure. Iliyonunuliwa kwa pesa yako, ukasimama dukani ukasoma kumi ukachagua moja, hiyo ndiyo kauli yako.

Nilipoungama kwa mama yale niliyoyafanya, alicheka kwanza, kisha akanikaripia sana. Hakupeleka ujumbe wa mdomo. Alikwenda mwenyewe kununua jozi ya leso, akaikata katikati, upande mmoja akabaki nao, wa pili akanipa nimpelekee wifi yake. Safari hii niliisoma kabla ya kupanda feri: MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

Shangazi aliipokea bila neno, akaiweka kabatini. Nikajua nimeshindwa. Jumapili asubuhi nilimkuta mlangoni amevaa viatu, upande ule ameufunga kiunoni na jina limekaa sawasawa nyuma. "Haya, inuka twende Changamwe," akaniambia. "Na ile ya hasidi niliifanya dasta."

ZOEZI: Soma majina matatu ya leso za nyumbani kwenu. Kwa kila moja, muulize mwenyewe aliichagua kwa nini, kisha uandike kama unamwamini au humwamini, na sababu zako.