Mikono ya Musa Ilipochoka

Somo: Kutoka 17:8-13



Katika somo hili Waisraeli wanapigana na Waamaleki huko Refidimu. Musa yuko juu ya kilima. Akiinua mkono, watu wake wanashinda; akiushusha, wanashindwa. Mikono ilipomlemea, Haruni na Huri walimwekea jiwe akaketi, nao wakaishika mikono yake, kila mtu upande wake, hadi jua lilipokuchwa.

Tuangalie neno moja. Musa hakulaumiwa kwa kuchoka. Mkono wa mwanadamu hauwezi kukaa juu kutwa nzima, hata ukiwa mkono wa nabii.

Wengi wetu tunawauguza wake au waume zetu wenye kiharusi au maradhi mengine ya muda mrefu. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, ili asipate vidonda. Hulishwa, huogeshwa, hupewa dawa kwa wakati wake. Katika juma la kwanza majirani hujaa nyumbani. Mwaka wa tatu hodi hazisikiki tena.

Tunaungama kwamba usiku mmoja tulimkaripia mwenzetu kwa sababu ya uji uliomwagika kitandani. Hakujibu, aligeuza uso ukutani. Kulipokucha tulimwomba radhi. Upendo haukuwa umepungua, lakini ule ulikuwa usiku wa tatu bila usingizi.

Basi tujifunze mambo matatu.

1. Mwenye kuuguza aketi. Musa alipewa jiwe vita vikiendelea, hakungoja vita viishe. Mgonjwa akilala mchana, nawe lala, vyombo vitangoja. Ukimpeleka mgonjwa zahanati, nawe upimwe.

2. Mwenye kuuguza aseme. Tukiulizwa habari za nyumbani twajibu, "Njema," na muulizaji huenda zake. Tuseme wazi: "Jumanne alasiri nahitaji mtu wa kukaa na mgonjwa, nilale kidogo." Hiyo si aibu.

3. Wengine wawe Haruni na Huri. Wanandoa huahidi kutunzana katika ugonjwa mbele ya kanisa zima, na sisi ndio mashahidi. Shahidi asiwe mtazamaji. Wazee wa kanisa na Umoja wa Mama waweze kupanga zamu. Pole ya mlangoni ni njema, lakini ndoo ya maji, shuka zilizofuliwa na saa mbili za kukaa na mgonjwa ni bora zaidi. Wanaume nao wasijitoe katika kazi hii.

Maswali ya kujadiliana:

(a) Katika mtaa wetu, ni nani anayemuuguza mwenzake tangu mwaka jana au kabla yake?

(b) Ni nani aliyemtembelea mwezi huu?

(c) Wewe utakwenda siku gani, na utafanya kazi gani?

Tumwombe Mungu awatie nguvu wanaouguza, nasi atupe moyo wa kwenda kabla jua halijachwa. Amina.